Mwananchi wa Kawaida na Utungaji wa Sheria: Sisi Tunaingilia Wapi?

(Mazungumzo ya Kamati ya Elimu, yaliyosomwa na mmoja wetu kwa niaba ya wenzake siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Mwenyekiti wa kikundi alipotupangia sisi wa Kamati ya Elimu kuzungumza leo, alitupa mada ya haki za wanawake. Tulikaa jioni mbili chini ya mwembe wa shule tukajadiliana. Tukaona haki za wanawake zimekwisha kuzungumzwa sana. Kila tarehe 8 Machi tunavaa kanga za sare, tunaandamana mpaka uwanjani, tunasikiliza hotuba, halafu tunarudi nyumbani kupika. Tukasema safari hii tuzungumzie jambo ambalo kwa kawaida halisemwi: hizo sheria zinatoka wapi, nani anazibadilisha, na mtu kama sisi, mwenye genge la nyanya na elimu ya darasa la saba, anaingilia wapi? Hatuna utaalamu wa sheria. Tulichonacho ni miaka kumi ya kusumbuliwa nazo, na mara moja moja kuokolewa nazo. Kwa hiyo mtuvumilie tukikosea.

Tuanze na saini.

Wengi wenu mnakumbuka jambo lililotokea mwaka 2019. Mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa ya kusimulia na yupo hapa hapa anacheka, alijiwa na mumewe usiku na karatasi mkononi. Mume alitaka kuweka nyumba rehani akope fedha za kununua pikipiki mbili za bodaboda. Yule mkopeshaji alikuwa amekataa kumalizia mambo mpaka mke naye atie saini. Mume akasema, "Ni saini tu, mama watoto, weka hapo chini tulale." Mwenzetu hakubisha, na wala hakusaini. Alisema macho yake hayaoni vizuri kwa taa ile, ataisoma kesho. Kesho yake akaileta karatasi kwenye kikundi.

Tukaisoma, tukapiga hesabu kwa kalamu nyuma ya daftari la hisa. Marejesho yalikuwa makubwa kuliko pikipiki mbili zinavyoweza kuingiza hapa kwetu hata zisiharibike siku moja. Na pikipiki gani haiharibiki? Akarudi nyumbani akamwambia mzee: rehani sisaini, lakini kikundi kinaweza kunikopesha kiasi cha kununulia pikipiki moja iliyotumika. Mzee alinuna wiki mbili. Leo ile pikipiki imekwisha kuwa chuma chakavu, lakini nyumba ipo na watoto wanalala ndani yake. (Makofi)

Sasa tujiulize. Yule mkopeshaji alidai saini ya mke kwa sababu ya wema? Hasha. Alidai kwa sababu Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema nyumba ya mke na mume haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila ridhaa ya mwenzi. Bila saini ile, karatasi yake ingekuwa na kasoro mahakamani. Kwa maneno mengine, mwenzetu aliokolewa mwaka 2019 na mstari ulioandikwa miaka ishirini kabla, na watu ambao hakupata kuwaona. Sisi wa Kamati tulitaka kujua ni akina nani.

Habari ilikuwa hivi. Mwezi Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, Mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji. Tume ile ilizunguka nchi, ikafanya mikutano ya hadhara zaidi ya 200, ikasikiliza kero za wakulima na wafugaji, ikatoa taarifa yake mwaka 1992. Mwaka 1995 Serikali ikatoa Sera ya Taifa ya Ardhi. Haikuchukua kila kitu ambacho Tume ilipendekeza, na waliokuwepo wanasema mjadala ulikuwa mkali. Baada ya sera ikaja rasimu ya sheria. Na hapo ndipo wanawake walipoingia. Mwaka 1997 vyama vya wanawake, wakiwemo wanasheria wanawake, waandishi wa habari wanawake na wanaharakati wengine, vilikusanyika vikaunda kikosi kazi cha kufuatilia muswada. Waliusoma muswada kifungu kwa kifungu, wakawaendea wabunge, wakazungumza redioni na magazetini, wakaeleza kwa Kiswahili cha kawaida kilichoandikwa kwa Kiingereza kigumu.

Jambo ambalo sisi tumeliona kubwa katika habari hii ni wakati. Hawakungoja sheria ipite ndipo walalamike. Waliingia ikiwa rasimu, neno bado linaweza kufutwa na lingine kuandikwa. Na hawakwenda kusema tu kwamba wanawake wanaonewa. Walikwenda wakijua ni maneno gani wanayataka na yakae wapi. Bunge likapitisha sheria mbili mwaka 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ndani yake imo haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Imo ridhaa ya mwenzi kwenye rehani. Limo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kimo na kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kinachosema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu.

Tuseme ukweli pia kwamba si wanawake peke yao wanaojua njia ya kwenda Dodoma. Wakopeshaji nao waliona sheria ile inawabana katika mambo ya rehani, wakapeleka hoja zao, na sheria ikarekebishwa mwaka 2004 na tena mwaka 2008. Hatuwalaumu. Wanafanya kazi yao. Ila tunaomba tukumbuke kwamba siku sisi tumekaa nyumbani, kuna mwingine amekaa kwenye kile kiti.

Sasa tuje kwa mwenzetu wa pili. Huyu hacheki, na leo hakuja.

Huyu alikuwa na sisi tangu mwaka wa kwanza, 2015. Ndiye aliyekuwa akitunza ufunguo mmoja wa sanduku letu. Alilima na mumewe ekari tatu na nusu kwa miaka kumi na tisa, wakajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, ambayo bati zake kumi na mbili zilitokana na mgawo wetu wa mwisho wa mzunguko, tunazijua kwa hesabu. Mume akafariki. Baada ya arobaini ukoo ukakaa. Wakamwambia kwa upole kabisa, maana hawakuwa watu wabaya wa kupiga kelele, kwamba shamba ni la ukoo, nyumba imejengwa kwenye shamba la ukoo, na yeye atatunzwa na watoto wake. Mtoto wake mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne. Nani atamtunza nani?

Tulijaribu. Tulikwenda kwa mtendaji, tukakaa na wazee, tukasema kifungu cha 20, kifungu cha 20. Mzee mmoja akatujibu vizuri sana: "Binti zangu, hakuna aliyemkataza kumiliki ardhi. Akanunue yake. Hapa tunazungumzia urithi." Na hapo tulikwama, kwa sababu alikuwa amegusa mahali penyewe. Ile Sera ya Ardhi ya 1995 iliacha urithi wa ardhi ya ukoo uendelee kufuata mila, ilimradi mila hiyo haipingani na Katiba. Na mila za urithi kwa makabila mengi ya nchi hii zimeandikwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963. Humo mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto kama alivyowatunza wao. Yaani maneno ya wale wazee hawakuyatunga siku ile barazani. Yamepigwa chapa tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Mwenzetu alikuwa na njia ya mahakama, na tulimwambia. Alikuwa na siku ngapi za kuacha vibarua akahudhurie kesi? Alikubali magunia mawili ya mahindi na nauli, akarudi kwao na watoto watatu. Tulimpa hisa zake zote na mchango wa mfuko wa jamii. Ufunguo wake tulipokea kwa mkono wa mtoto.

Tumejiuliza sana kwa nini mmoja aliokoka na mwingine hakuokoka. Wote wawili walikuwa na kikundi kile kile, na kijiji kile kile. Tofauti ni kwamba sheria ya rehani kuna watu waliifuata ikabadilishwa, na sheria ya urithi imefuatwa lakini bado haijafika mwisho.

Tunasema imefuatwa kwa sababu si kwamba watu wamelala. Kule Bukoba, mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake akamshtaki kwamba mwanamke hauzi shamba la ukoo. Kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba tangu Katiba yetu ilipowekewa Haki za Binadamu, mila ile ya kumbagua mwanamke haiwezi kusimama. Mama akashinda. Baadaye wajane wawili wa Shinyanga, waliotolewa katika nyumba zao baada ya waume kufa, walikwenda mahakamani kupinga Tangazo lile lile la 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba mila hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, ikasema mila haziwezi kubadilishwa zote kwa hukumu moja. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa sababu ya kasoro ya tarehe kwenye karatasi za mahakama, tena kasoro ambayo si wao walioifanya. Wakaipeleka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikasema nchi yetu imevunja haki zao. Mwaka ule ule sisi tunanunua sanduku letu la kwanza.

Na kuna ile kesi ya umri wa kuolewa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13 na cha 17, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na hata wa 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipinga, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwezi Oktoba 2019 na kuitaka Serikali irekebishe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, na mingine ikaufuata, sheria haijarekebishwa. Mahakama inaweza kusema sheria hii ni mbovu, lakini anayeandika nyingine ni Bunge, na Bunge lina mambo mengi mezani. Anayesukuma ndiye anayesikika.

Jamani, msije mkakata tamaa hapo. Tunataka tuwaeleze tulichofanya wenyewe, ambacho ni kidogo lakini ni chetu.

Tulianza kwa kushindwa. Mwaka 2017 ushuru wa meza sokoni ulipanda kutoka shilingi 200 kwa siku hadi 500. Tulijua siku ile mkusanyaji alipokuja na kile kimashine chake. Tukafunga kanga viunoni tukaenda wanawake kama thelathini mpaka ofisini. Tulipiga kelele! Afisa aliyetupokea alituacha tukamaliza, akatupa na maji ya kunywa, kisha akatuonyesha. Sheria ndogo ilikuwa imekwisha kupita kwenye vikao, imekwisha kusainiwa. Tangazo la kuomba maoni ya wananchi lilikuwa limebandikwa ubaoni hapo nje wiki kadhaa kabla, karibu na tangazo la chanjo ya mbwa. Chanjo ya mbwa tuliisoma. Tangazo lile hatukulisoma.

Mwaka uliofuata tukashindwa tena, na kubwa zaidi. Bunge likapitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, Namba 10 ya 2018. Ndiyo iliyotuweka sisi vikundi katika daraja la nne, na kutuagiza tusajiliwe. Sheria inayotuhusu sisi moja kwa moja, sanduku letu na kufuli zake tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua inajadiliwa. Ilikuwa kwa Kiingereza. Tulikuja kuisikia wakati wa kujisajili. Hatusemi ni mbaya. Usajili umetusaidia kufungua akaunti na kuombea mkopo wa halmashauri. Lakini wapo vifungu tungeviuliza maswali. (Afadhali siku hizi: mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri za zamani ni kubwa, lakini miswada mipya tunaweza kuisoma wenyewe.)

Baada ya kushindwa mara mbili tukapeana zamu. Kila wiki mwanachama mmoja anasoma ubao wa matangazo wa kata na wa kijiji, na siku ya kununua hisa anatoa taarifa. Wengine walicheka, wakatuita wakaguzi wa ubao. Tukaweka na faini ya shilingi 500 kwa asiyesoma, ile ile ya meza!

Mwaka 2022 mkaguzi wa zamu akaja anakimbia. Halmashauri ilikuwa inakusudia kubadilisha sheria ndogo za ushuru, na wananchi walete maoni kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Tulikuwa na siku tisa.

Hapo ukatokea ugomvi ndani ya kikundi ambao hatuwezi kuuficha, kwa kuwa kijitabu hiki ni kumbukumbu. Baadhi ya wenzetu waliogopa. Walisema tukiandika barua ya kuipinga Halmashauri tutaonekana tumeingia kwenye siasa, usajili utafutwa, na mkopo wa asilimia kumi tusahau. Hofu yao haikuwa ya kijinga. Kila mtu hapa anajua mtu aliyejibiwa "wewe ni mpinzani" kwa kuuliza tu choo cha shule. Tulibishana mpaka magharibi. Mwishowe tukafungua Katiba ya nchi, Ibara ya 21, inayosema raia ana haki ya kushiriki kikamilifu katika maamuzi ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Tukafungua na katiba yetu wenyewe inayosema kikundi hakifungamani na chama chochote. Tukakubaliana tusiandike neno la chama wala jina la mtu, tuandike ushuru tu. Hata hivyo wenzetu wawili walitoka siku ile. Mmoja amerudi. Mwingine tunamsalimia sokoni.

Barua yenyewe ilitoka kwenye daftari la hisa. Katibu alichukua wanachama kumi na mmoja wanaouza sokoni, akaangalia kila mmoja alinunua hisa ngapi kwa wiki, miezi ya kiangazi na miezi ya masika. Masika, mboga zinapooza na wateja hawatoki, baadhi yetu tulikuwa hatununui hata hisa moja, lakini ushuru tulilipa ule ule. Na mwenye sinia la mchicha chini alilipa sawa na mwenye kibanda cha bati. Hatukusema ushuru ufutwe. Tulisema utofautishwe kwa ukubwa wa biashara, stakabadhi itolewe kila siku, na choo cha soko kitengenezwe. Ukurasa mmoja, kwa mkono, halafu kijana wa stesheneri akatuchapia.

Nakala tulitoa nne. Hapa tunaomba msikilize, ndilo jambo la maana kuliko yote tuliyojifunza. Kila ofisi tuliyopeleka tuliomba wagonge muhuri wa kupokea, wenye tarehe, kwenye nakala yetu inayobaki. Ofisi moja walisema muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko safarini. Tukakaa kwenye benchi. Saa nane mchana ufunguo ukapatikana.

Kikao cha Baraza la Madiwani kilipofika, watatu wetu tulikwenda kukaa nyuma na kusikiliza, maana vikao vile viko wazi kwa wananchi. Ikasomwa taarifa kwamba kutoka kata yetu hakuna maoni yaliyopokelewa. Diwani wetu akasimama, akainua nakala yenye muhuri. Hatutasahau ule ukimya. (Makofi) Jambo likarudishwa kwenye kamati. Sheria ndogo ilipotoka, sinia likawa shilingi 200, meza 300, kibanda 500. Stakabadhi zinatoka. Choo, mpaka leo, Mheshimiwa Diwani anakijua. (Kicheko)

Faida ya mwenye sinia ni shilingi 300 kwa siku. Kwa siku ishirini na sita za soko ni shilingi 7,800 kwa mwezi. Mtu asiyeuza mchicha anaweza kuona hizo si fedha. Sisi tumeziona kwenye daftari: masika ya mwaka uliofuata, wale wa masinia wote walinunua hisa.

Tangu hapo tumekuwa wepesi kidogo. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba, iliposimamishwa mwaka 2023, tulikuwa na marejesho yetu yameandikwa mwezi kwa mwezi. Kulikuwa na vikundi hewa na fedha zilizopotea, hilo lilisemwa wazi. Sisi tulipeleka maelezo yetu kwa maafisa maendeleo kwamba wanaolipa wapo, na hii hapa hesabu. Hatudai kwamba mikopo ilirejeshwa mwaka 2024 kwa sababu yetu. Vikundi vingi nchi nzima vilisema. Na sisi tulikuwamo.

Sasa tuje kwenye jambo la leo. Ngazi ya kijiji tunaiweza, ngazi ya halmashauri tumeijaribu. Lile Tangazo la 1963 liko juu zaidi. Lakini juu nako kuna milango. Ipo Tume ya Kurekebisha Sheria, ambayo kazi yake hasa ni kuchambua sheria na kupokea maoni, na ambayo tangu miaka ya 1990 ilikwisha kuzitazama Sheria ya Ndoa na masuala ya urithi. Yupo Mbunge wetu. Na muswada ukishasomwa Bungeni mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na kamati huita wadau kutoa maoni. Mdau ni nani? Tumezoea kudhani ni mtu wa Dar es Salaam mwenye kompyuta. Mjane aliyeacha bati kumi na mbili ni mdau. Ukija muswada kwa hati ya dharura nafasi hiyo hubana sana, ndiyo maana hatutaki kungoja muswada.

Kamati ya Elimu imeandaa barua ya kurasa mbili kuhusu urithi wa mjane. Haina matusi kwa mila wala kwa wazee wetu. Wazee wawili wameisoma wakasahihisha mahali. Tumeambatisha hesabu kutoka daftari letu: katika miaka kumi, wanachama sita walifiwa na waume. Wawili walibaki katika nyumba zao kwa sababu waume waliacha wosia. Mmoja alibaki kwa sababu shamba lilikuwa na hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yote mawili. Watatu waliondoka. Yule mwenzetu aliyekuwa na ufunguo ametutumia maelezo yake kwa simu, ametaka yaandikwe kama alivyoyasema, na tumeyaandika hivyo.

Akina baba mliopo hapa, kabla ya Tume haijajibu na Bunge halijakaa, wosia hauhitaji kusubiri mtu. Mwanasheria wa msaada wa kisheria atakuwa pale chini ya turubai la kijani mpaka saa kumi na moja, na hatozi kitu.

Barua iko kwa katibu, kwenye meza ya mbele, nakala nne kama kawaida. Wanaosaini wasaini, na kwa wasioweza wino wa dole gumba upo. Aliye na mashaka achukue nakala akaisome kwanza nyumbani, kama yule mwenzetu wa rehani. Jumatatu watu wawili wataipeleka, nauli imetolewa kwenye mfuko wa jamii na kikao kimeridhia. Wakirudi tutawaonyesha muhuri.